Utando kwenye miche ya dirishani

SWALI: Shikamoo mtaalamu, miche yangu ya nyanya kwenye makopo dirishani ina vidoa vyeupe na chini ya majani kuna utando, nimepulizia dawa ya mbu lakini wapi! Nifanyeje? – Msomaji, Ng'ambo, Tabora

JIBU: Marahaba. Huo ni utitiri mwekundu, dawa ya mbu achana nayo, huyu si mdudu kama mbu, ana miguu minane, ni ndugu yake buibui na kupe, ndo maana dawa nyingi za wadudu hazimgusi, na ukavu wa kiangazi cha hapo Tabora ndo anaupenda. Tenga miche iliyoathirika, osha majani hasa upande wa chini, jioni pulizia maji lita 1 yenye kijiko cha chai cha sabuni ya maji (jaribu jani moja kwanza, miche michanga inaungua haraka). Rudia kila baada ya siku 4 hivi maana mayai yanabaki. Uliofunikwa utando mpaka juu, ng'oa tu.