Maswali Yenu: Mwalimu Anayetaka Ubunge

SWALI: Mama, mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Luanda, Vihiga, Kenya. Wazee wananisukuma niwanie ubunge 2027. Naweza kufanya kampeni huku nikifundisha?

JIBU: Hapana, mwalimu wangu. Aliyeajiriwa na TSC, tume ya serikali inayoajiri walimu, ni mtumishi wa umma, na Sheria ya Uchaguzi inamtaka ajiuzulu angalau miezi 6 kabla ya kura. Kura ni Agosti 2027, basi usivuke mwanzo wa Februari. Baki na nakala ya barua ya kujiuzulu yenye muhuri.

Njia yenyewe si ngeni. Oginga Odinga alifundisha Maseno kabla ya kuingia Baraza la Kutunga Sheria, bunge la enzi za ukoloni, mwaka 1957. Masinde Muliro, mwalimu pia, aliingia mwaka huo huo. Jirani yako wa Emuhaya, Omboko Milemba, alipanda kupitia chama cha walimu cha KUPPET, akachaguliwa mbunge 2017 na tena 2022.

Lakini namkumbuka kakangu. Alijiuzulu akiwa naibu mwalimu mkuu, akaangushwa kwenye mchujo wa chama. Mezani sebuleni palikuwa na nakala ya barua yake, na juu yake risiti za mahema na maji ya chupa. Mshahara ulikatika mwezi uleule. Karo ya wanawe tulichanga sisi ndugu, miaka miwili. Nililia, maana darasani alikuwa hodari mno.

Kwa hivyo waketishe wazee hao kwanza. Waulize: mchujo ukiniangusha, karo ya muhula wa pili atalipa nani?