TB nilipona ila pafu la kushoto halikurudi

Mkuu pole sana. Umesema umemaliza dozi miezi 6, makohozi yamepimwa hayana wadudu, ila ukitembea kidogo unahema na juzi umekohoa damu, unauliza kama TB imerudi. Nakujibu kwa yaliyonikuta mwenyewe.

Mi nilikuwa mwanaapolo, yaani mchimbaji mdogo, kwenye machimbo ya tanzanite Mererani miaka 9. Kule chini wakichoronga mwamba vumbi linajaa mpaka tochi ya kichwani haisaidii kitu, ukitoka juu unatema makohozi meusi na unaona kawaida tu, kumbe vumbi lile linachakaza mapafu na kuifungulia TB njia. Nilikohoa karibu mwaka mzima nanunua antibayotiki duka la dawa, usiku jasho linalowesha shuka, suruali zinanivuka, na asubuhi nashuka shimoni. Nikaja kupimwa nikaanza dozi, ile miezi 2 ya mwanzo nikapata nguvu, nikaacha dawa nikarudi kazini. Kosa langu kubwa ni hapo, naliumia mpaka leo.

Mara ya pili nilimaliza dozi yote, vipimo safi, lakini pumzi haikurudi. Daktari akabandika eksirei kwenye taa, kulia kweusi maana kuna hewa, kushoto kweupe tupu, koo la hewa limevutwa huko na moyo nao umehamia huko huko. Akasema hapa wadudu wameshakufa, unachokiona ni makovu. TB ikikaa sana inatoboa matundu, nyama ya pafu inakakamaa na kusinyaa, mirija ya hewa inatanuka inabaki kutunza makohozi, ndo maana mi kila asubuhi natoa kama nusu kikombe.

Sasa hiyo damu usiichukulie poa. Inawezekana TB imerudi kweli, kapime tena ila waambie ulishatibiwa, kwa sababu kipimo cha GeneXpert kinaweza kuonyesha TB kwa mabaki ya wadudu waliokufa, hapo inabidi makohozi yaoteshwe maabara kuona kama kuna wadudu hai. Inawezekana pia ni hiyo mirija, au fangasi walioota ndani ya tundu, mi ndo ilikuwa hivyo, kwenye CT skani walionekana kama gololi ndani ya chungu. Damu ikitoka nyingi lala kwa ubavu wa upande mbovu isiingie kwenye lile pafu zuri, na watu wakukimbize hospitali hapo hapo, usisubiri asubuhi.

Kukata pafu kupo, ila lazima la pili liwe na uwezo wa kubeba kazi zote. La kwangu lina vumbi, wakaniambia hapana. Nililia aisee.

Kilichonisaidia ni mazoezi. Navuta hewa puani, naitoa taratibu mdomoni kama napuliza chai ya moto, na asubuhi nalala kichwa kikiwa chini kidogo makohozi yashuke, ila hilo la kulala usilifanye wakati unatoa damu. Jiko la mkaa mama watoto kalihamishia nje. Kwenda bombani mwanzo nilikuwa napumzika mara 4 njiani, sa hivi mara 1.

Ukirudi hospitali beba na ile eksirei ya zamani hata kama imekunjamana, wakiiweka pembeni ya mpya wataona kama kovu ni lile lile au kuna kitu kimeongezeka. Na damu ilikuwa kiasi gani, michirizi tu kwenye makohozi au ilijaa kiganja?