Mpishi wa TB amerudi na barua, wenzake wamegoma

SWALI: Habari dokta. Nasimamia jiko la mgahawa hapa Morogoro, tupo watu 9. Mpishi wetu aliumwa TB, sasa ana wiki ya 4 anakunywa dawa, kaja na barua ya kliniki inasema anaweza kuendelea na kazi. Wenzake wamegoma, wamemtengea hadi kikombe, na bosi anasema akae nyumbani bila mshahara mpaka amalize miezi 6. Ni sawa? Halafu kuna dada wa kuandaa kachumbari aliharisha juzi, leo yupo kazini, huyo hakuna aliyemsema.

JIBU: Nzuri ndugu. Kilichonishtua mimi ni huyo dada uliyemtaja mwishoni kabisa.

Tuanze na mpishi. TB ya kawaida inayosikia dawa, mtu akinywa dozi vizuri kama wiki mbili hivi kwa kawaida anakuwa haambukizi tena, hata kama ana miezi mingine mitano ya vidonge mbele yake. Kwahiyo miezi 6 ni ya kumaliza matibabu, sio ya kufungiwa ndani. Ingekuwa TB sugu hapo hesabu ya wiki mbili haipo, anasubiri majibu ya makohozi na kliniki ndo inaamua, ila wewe barua unayo. Na hicho kikombe kirudisheni kabatini jamani, TB inapita kwenye hewa mtu akikohoa, haipiti kwenye sahani wala kijiko. Cha kufanya ni kufungua madirisha na wale waliokuwa wanabanana naye jikoni kabla hajaanza dawa waende wakapimwe, hilo ndo la maana na naona hamjalifanya.

Kuhusu mshahara, bosi wako anakosea. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mfanyakazi siku 126 za ugonjwa ndani ya mzunguko wa miezi 36, siku 63 za kwanza mshahara kamili, 63 zinazofuata nusu. Anachotakiwa ni kuleta cheti cha daktari, ile ED yenu, asipoleta hapo ndo mwajiri anaweza asilipe. Sasa huyu kaleta barua ya kwamba yuko fiti, mnamrudishaje nyumbani bila hela? Na ugonjwa wake ni siri yake, nashangaa jiko zima limejuaje.

Sasa dada wa kachumbari. Mtu anayeshika chakula akiharisha au kutapika anakaa pembeni mpaka zipite saa 48 tangu dalili zikate, zikate kabisa sio zimepungua, na kachumbari ndo mbaya zaidi maana haipiti motoni, kilichotoka kwenye vidole kinaenda moja kwa moja kwa mteja. Niliwahi kuingia jiko moja nikakuta kikombe cha mgonjwa kimefungwa kamba nyekundu ili watu wasikosee, na hapo hapo kijana anakata nyanya huku kila baada ya muda anachomoka kwenda chooni, na kule bombani sabuni hakuna!

Ikiwa alipimwa akakutwa na kipindupindu au taifodi hata saa 48 hazitoshi, asiguse chakula mpaka choo kipimwe maabara na kituo cha afya kimruhusu, sababu mtu anaweza kupona taifodi akawa mzima kabisa lakini bado anatoa vijidudu. Na asikuletee majibu ya Widal kama ushahidi, kile ni kipimo cha damu, kinaweza kubaki chanya muda mrefu baada ya kupona na hakikuambii kama choo kimeshakuwa safi. Cha kuomba ni choo kuoteshwa, yaani maabara wanakiweka waone kama vijidudu vinaota.

Huyo dada usimkate mshahara kwa siku za kukaa nje, mwambie apite kituo cha afya apate ED. Ukimkata, safari ijayo atakuja kazini akiwa anaharisha na hatakwambia. Kachumbari aliyoikata leo mwageni.