Re: Gari limetoka gereji kubadilishiwa plagi, sasa linatetema na taa ya injini inawaka

Pole mkuu. Kama kabla ya kulipeleka lilikuwa halitetemi, anza na sehemu alizogusa fundi. Usikubali haraka kuambiwa kwamba ni injini imechoka.

Kubadilisha plagi mara nyingi kunahitaji kutoa koili (vifaa vinavyopeleka umeme kwenye plagi) na kusogeza mipira ya hewa. Zima gari, lipoe, kisha kagua kama kila koili imekaa hadi chini na soketi yake imebana. Halafu fuata mipira midogo ya hewa, mmoja ukiachwa wazi injini inavuta hewa isiyopimwa na inatetema gari likiwa limesimama. Soketi ya sensa ya hewa karibu na kisanduku cha filta nayo husahaulika sana.

Omba upimiwe kwa mashine inayosoma kodi za hitilafu za injini. P0301 maana yake silinda namba 1 haichomi vizuri, P0302 ni ya 2, na kuendelea. P0300 ni silinda zaidi ya moja au inahamahama. P0171 inaelekeza kwenye hewa kuzidi mafuta, hapo rudi kwenye ile mipira.

Ila hiyo taa ikiwa inamweka-mweka, usiendeshe kabisa! Petroli isiyoungua inaingia kwenye masega ya ekzosi (yanayosafisha moshi) na kuyaunguza, na bei yake unaijua.

Na usilipeleke kwa fundi mwingine kwanza. Rudi kwa yuleyule ukiwa na risiti na video ya mtetemo, maana likishaguswa na mkono mwingine atakuruka.