Choo kinajaa kila kifuku na gari la kunyonya halifiki: jibu kwa dada wa Mbeya

Pole dada. Nimekuelewa: wapangaji sita, shimo moja, kichochoro cha kupita toroli tu, na jirani anakushauri utapishe choo, yaani ufungulie uchafu uende na maji, mvua ikinyesha usiku. Usithubutu. Mtelemko wenu unashusha huo uchafu kwenye visima vya wa chini, na kipindupindu hakichagui nyumba.

Mimi nilihangaika hivyohivyo kabla sijagundua kosa langu: maji ya kuoga na kufulia yote yalikuwa yanaingia chooni. Kinyesi ni kidogo, maji ndiyo yanayojaza. Yatenge. Jenga chemba ndogo ya kunasa povu na mafuta, kisha shimo la kunyonya lenye mawe, mita 30 au zaidi kutoka kisimani. Kwanza pima udongo: chimba kishimo, kijaze maji, yaache yanywewe, jaza tena uone yanavyoshuka. Yakisimama palepale, shimo hilo litakutia hasara.

Kutoa tope, Dar es Salaam wanatumia pampu ya mkono na mapipa mpaka gari lilipo. Uliza mamlaka ya maji kama huko wapo watu wa kazi hiyo. Fundi asiingie shimoni hata kwa dakika moja, hewa ya mle inaua.

Mkiwa nyumba kadhaa, changeni tangi moja la maji taka, lililogawanywa vyumba ndani. Hapo mwiteni bwana afya na mhandisi kabla ya kununua hata tofali, maana ugomvi wa kiwanja huanzia hapo.