Maswali ya Wasomaji: Posho ya Usiku, Dawa Zilizokwisha na Mkopo wa Benki

Swali: Shikamooni. Mimi ni muuguzi kwenye kituo cha afya hapa Ukerewe. Mshahara unaingia kila mwezi, lakini posho ya kuitwa kazini usiku hatujaiona tangu mwaka wa fedha uanze. Tukiuliza, jibu ni "fedha hakuna". Mwajiri si ni yule yule?
*Muuguzi, Ukerewe*

Jibu: Marahaba. Mwajiri ni mmoja, mifuko ndiyo tofauti. Mshahara wako unatoka Hazina na kuingia moja kwa moja benki. Posho ya kuitwa inategemea matumizi mengineyo, yaani fedha za uendeshaji zisizo za mishahara, yale ambayo wahasibu huyaita OC, au mapato ya kituo chenyewe: malipo ya papo kwa papo na madai ya bima. Sasa tazama nani anakuamsha saa nane usiku. Mara nyingi ni mama mwenye uchungu au mtoto anayedegedeka. Wajawazito na watoto chini ya miaka 5 wanatibiwa bure kwa sera ya msamaha, na ndivyo inavyopaswa kuwa. Lakini maana yake ni kwamba anayekuamsha haingizi hata shilingi kwenye mfuko unaotakiwa kukulipa, na pengo hilo halijibiwi kwa kumwambia muuguzi avumilie.

Unachoweza kufanya kinaanzia kwenye mpango wa mwaka wa kituo. Posho isipopangwa humo, hata fedha zikiwepo mhasibu atakwama, maana malipo yanafuata shughuli iliyo kwenye bajeti. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1 na mipango huandaliwa miezi mingi kabla, kwa hiyo kusubiri Juni ni kuchelewa. Mwombeni mganga mfawidhi, yaani mkuu wa kituo, awaonyeshe mstari wa posho na kiasi kilichotengwa.

Jambo la pili ni ushahidi, na hapa ndipo madai mengi halali hufia. Ratiba ya kuitwa isainiwe kabla ya mwezi kuanza. Kila ukiitwa, andika kwenye daftari tarehe, saa uliyofika, saa uliyoondoka na namba ya mgonjwa. Pelekeni madai kila mwezi, na kila mmoja abaki na nakala yenye mhuri wa kupokelewa. Deni likivuka Juni 30 linasubiri uhakiki, na mhakiki hulinganisha ratiba na rejesta ya wagonjwa. Siku isiyoonekana kwenye vyote viwili anaikata.

Swali: Nikimpeleka mtoto zahanati naambiwa amoksilini imekwisha, nikanunue dukani. Dawa zinakwenda wapi?
*Mama wa watoto watatu, Kisiwa cha Kome*

Jibu: Wizi hutokea na haufai kufumbiwa macho. Ila mama, stoo nyingi hukauka kwa hesabu mbaya ya kuagiza. Zahanati huomba dawa Bohari ya Dawa, ghala la dawa la serikali, kwa kutazama ilichotumia kipindi kilichopita. Tuseme katika siku 90 imetoa vidonge 3,000, lakini siku 30 kati ya hizo stoo ilikuwa tupu. Asiyekuwa makini ataandika matumizi ni 3,000. Hesabu sahihi ni 3,000 mara 90, gawanya kwa 60: vidonge 4,500. Kosa hilo likirudiwa, kila oda inazaa upungufu mpya. Visiwani kuna zaidi: giza la mwezi likiingia, makambi ya dagaa hujaa watu wasiohesabiwa kama wakazi, nao wanaugua hapo hapo.

Bohari isipokuwa na dawa, huitaarifu zahanati kwamba imekosekana, na zahanati inaweza kununua kwa mshitiri, yaani muuzaji binafsi wa dawa aliyeteuliwa na mkoa, kwa fedha za kituo. Kwa hiyo swali la kuuliza ni hili: je, Bohari imesema haina, na mshitiri ameombwa lini? Liulizwe kupitia wajumbe wa wananchi kwenye kamati ya usimamizi wa kituo. Wajumbe hao wanapaswa kushuhudia maboksi yakifunguliwa, na wanaweza kulinganisha hati ya mapokezi na kadi ya stoo.

Swali: Mimi ni tabibu mpya, Ilemela. Benki imeniambia naweza kukopa "mpaka mwisho". Mwisho ni wapi?

Jibu: Sheria inataka theluthi moja ya mshahara ibaki. Chukua mshahara wa 800,000. Mchango wa PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, wa asilimia 5 ni 40,000, bima ya afya asilimia 3 ni 24,000, Bodi ya Mikopo ya wanafunzi asilimia 15 ni 120,000, na chama cha wafanyakazi asilimia 2 ni 16,000. Kodi hukokotolewa baada ya kutoa PSSSF, yaani kwenye 760,000, nayo ni 68,000. Unabaki na 532,000. Theluthi ya 800,000 ni kama 266,700, hivyo rejesho la juu kabisa ni kama 265,300 kwa mwezi.

Usifike huko. Kama ulisoma kwa mkopo na makato ya Bodi bado hayajaanza kuonekana kwenye hati yako ya mshahara, yahesabu tangu leo. Yakianza baada ya wewe kusaini benki, 120,000 hiyo itatoka kwenye chakula na kodi ya nyumba.