Kabla ya kuuliza urefu wake, uliza sikoseli

Mume wangu alipoambiwa hana mbegu kabisa, tulikaa ndani ya gari pale nje ya kliniki, hakuna aliyewasha injini. Ilichukua miezi minane hadi tukakubaliana kutumia mbegu za mchangiaji. Kliniki ikatupa karatasi zake kwenye faili la plastiki, jina limefichwa: sentimita 178, maji ya kunde, O chanya, ana digrii. Tukabishana jioni nzima kuhusu urefu.

Mimi ni AS, yaani nimebeba jeni moja ya sikoseli bila kuugua. Najua hivyo tangu mdogo wangu aanze kulazwa kwa maumivu ya mifupa, na bado sikuuliza. Aliyeuliza ni nesi aliyekuwa ananitoa damu: "Dada, na mchangiaji wenu je? Ni AA?" Yaani, hana jeni ya sikoseli kabisa? Tukafungua faili. Sistiki faibrosisi, ugonjwa unaowapata zaidi wazungu, ilikuwa imepimwa. Sikoseli hata mstari haikuwa nao. Nadhani fomu ilinakiliwa ilivyo kutoka Ulaya. Angekuwa AS kama mimi, kila mimba ingekuwa na uwezekano wa moja kati ya nne kuzaa mtoto wa SS, mgonjwa wa sikoseli.

Kwa hiyo anza kujipima mwenyewe, kisha dai karatasi ya majibu ya mchangiaji. "Amepimwa kila kitu" si jibu. Baadhi ya vipimo vya haraka vya sikoseli havitoshi, kwa sababu havitofautishi AS na SS. Omba elektroforesisi ya hemoglobini, kipimo kinachotenganisha aina za hemoglobini kwenye damu.

Kwenye maambukizi, angalia tarehe. Virusi vya UKIMWI, homa ya ini B na C, kaswende, kisonono na klamidia vyote vipimwe, lakini mtu aliyeambukizwa juzi anaweza kupima leo akaonekana mzima. Ndiyo maana mbegu hugandishwa, zikawekwa kando miezi sita, mchangiaji akapimwa tena ndipo zitumike. Tafuta tarehe mbili. Ukikuta moja, uliza wanatumia kipimo gani kufidia hiyo ya pili.

Shemeji yangu alijitolea, tena kwa moyo safi: "Damu si ni ileile?" Ni ileile, ila hatukujua alilala wapi mwezi uliopita, na nani angethubutu kumuuliza mezani? Kliniki inamuuliza bila aibu. Wale wanaume wa mitandaoni wanaojitangaza kwa picha za misuli ndio kabisa, sitaki hata kuwajadili.

Vipimo navyo vina mwisho wake. Mwaka 2025 Ulaya zilitangazwa habari za mchangiaji aliyezalisha watoto wasiopungua 197, mwenyewe mzima, kumbe baadhi ya mbegu zake zilibeba hitilafu ya jeni ya TP53 inayoongeza sana hatari ya saratani. Uliza basi mchangiaji wako anaruhusiwa familia ngapi, na kama mtoto wa familia nyingine aliyetokana na mbegu zake akiugua, nani atakupigia simu. Sisi kliniki ya kwanza ilishindwa kujibu hilo la simu, tukahama.

Tuliyempata mwishowe ni AA, ana tarehe mbili, na ana sentimita 165.